Mahindi Mekundu ya Mwalimu Zipporah

Mwaka wa themanini na nne mvua ya masika iliwachezea shere watu wa Vitengeni. Ilinyesha siku tatu mfululizo, watu wakatoa mbegu zao zote wakapanda, kisha ikaondoka na isionekane tena. Kufikia Agosti, uchaga wa jikoni, pale juu ya mafiga ambapo kila mama huweka mahindi yake yapigwe moshi, ulikuwa mtupu nyumba kwa nyumba. Watu walikula mchunga, ile mboga chungu ya porini, asubuhi na jioni, mpaka mchunga wenyewe ukaadimika.

Shule za chekechea zilifungwa moja baada ya nyingine na hakuna aliyelaumiwa, kwa kuwa mtoto mwenye njaa humwamshi ukamwambia aende akaimbe. Iliyobaki wazi ilikuwa moja tu, kibanda cha udongo na nyasi ng'ambo ya bonde, na ilibaki wazi kwa sababu mwalimu wake alikuwa mbishi. Jina lake Zipporah. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjane, mfupi wa kimo, mwenye sauti iliyouzidi mwili wake mara mbili, na kila Jumapili sauti hiyo ndiyo iliyoongoza nyimbo kanisani. Aliwahi kwenda Kilifi mara moja kwa semina ya majuma mawili, na tangu siku hiyo ungedhani semina yenyewe aliiandaa yeye.

Alikuwa na kiburi kimoja tu duniani, nacho afadhali tukitaje mapema, maana ndicho kilicholeta yote. Hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake akaenda darasa la kwanza bila kuzijua rangi. Wenzake waliokuwa na picha za ukutani waliwapanga watoto mstari, wakaelekeza fimbo, wakaitikisha kama vile wanafunza kasuku. Zipporah hakuwa na picha, na hata angekuwa nazo asingezitumia. Yeye alifunza kwa mkaa na majivu, kwa manjano ya jikoni, kwa majani na mchanga. Nyimbo alizitunga mwenyewe akienda kisimani. Ukipita karibu na kibanda kile miaka ya neema ungewakuta watoto wanakimbizana huku na huku, huyu kashika gome la mti, yule kashika kanzu ya mpita njia, kila mmoja anapiga kelele za rangi aliyoigusa.

Njaa iliua michezo hiyo. Ukiwaambia wakimbie waguse kitu cha kijani, walikaa wakakutazama tu, na isitoshe kijani chenyewe hakikuwapo.

Mnamo Septemba serikali ilileta mahindi ya msaada. Yalikuwa ya manjano, na watu wa huko hawakuwa wameyaona tangu kuzaliwa. Wapo walioapa kuwa ni chakula cha farasi, lakini walioapa hivyo waliyala pia. Shule yenye majina kwenye daftari ilipewa gunia kila mwezi kwa ajili ya uji, na gunia hilo lilipatikana kwa miguu ya Mzee Kambi, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliyekwenda kwa chifu mara tatu kwa miguu na mara ya nne akalala palepale barazani mpaka akasikilizwa. Daftari lilikuwa na watoto arubaini na wawili. Ufunguo wa ghala ulining'inia shingoni mwa Mzee Kambi mwenyewe, na kila asubuhi alipima mahindi kwa mkebe, akasawazisha mdomo wa mkebe kwa kijiti, isizidi punje wala isipungue. Kila baada ya majuma mawili ofisa mmoja alitoka Kilifi kuja kuhesabu vichwa vya watoto.

Uji uliwaleta watoto, kweli, lakini haukuwarudishia sauti. Walikuja, wakanywa, wakalala ukutani kama nguo zilizovuliwa. Zipporah akiimba aliimba peke yake. Basi asubuhi moja, kabla ya kuyapeleka mahindi kinuni, alichota gao moja, kiasi cha kujaa kiganja, kutoka kwenye mkebe. Nyumbani kwake kulikuwa na pojo kidogo, zile choroko za kijani, na mahindi meupe aliyoletewa na dada yake. Akavichemsha vyote mpaka vikalainika, kila kimoja peke yake, akavipanga punje punje chini ya vifuu vya nazi kwenye mkeka. Akawaketisha watoto duara akawafunza wimbo:

*Funua, funua kifuu,*
*kuna nini chini yake?*
*Mwenye kuitaja rangi,*
*chakula ni chake.*

Mtoto aliitwa mmoja mmoja. Alifunua kifuu, akatazama, akataja. Nyeupe. Manjano. Kijani. Akipatia, alitia mdomoni. Punje moja haimshibishi hata kifaranga, lakini watoto wale waliokuwa wakiegemea ukuta walisimama wote. Walishika zamu, walisukumana, waligombana, na Zipporah aliposikia wanagombana machozi yalimlengalenga kwa furaha. Baada ya juma moja hapakuwa na mtoto asiyejua rangi hizo tatu. Baada ya mawili, hata waliokuwa wagonjwa walibebwa mgongoni waje.

Hakumwambia mtu. Lile gao la mahindi lilitoka kwenye mkebe uliopimwa, na ingawa liliingia matumboni mwa watoto walewale, Mzee Kambi hakuwa mtu wa kuelezwa mambo kama hayo. Watoto nao aliwaambia kwamba mchezo huo ni siri ya shule, na watoto wanapenda siri kuliko wanavyopenda uji.

Tatizo lilikuwa nyekundu. Chakula chekundu hakikuwapo. Alijaribu kipande cha leso nyekundu, akakiweka chini ya kifuu, na watoto walipokifunua walikitazama kwa chuki. Hakuna aliyekumbuka jina lake kesho yake. Aliyemshinda kabisa alikuwa Kache, binti wa Nzai na Kanze, ambao nyumba yao ilikuwa upande wa juu wa bonde. Kache alikuwa na miaka mitano, mwepesi wa kila kitu, mwenye tabia ya kufumba jicho moja akifikiri. Rangi tatu zile alizijua kabla ya wenzake wote. Lakini ukimwonyesha leso nyekundu alifumba jicho, akafikiri weee, akasema manjano. Siku ya pili manjano. Siku ya tano manjano. Ungedhani kusudi.

Mwalimu mwingine angecheka akangoja maharagwe mekundu yaje. Lakini Zipporah jambo hilo lilimkaa rohoni. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mti wa mzingifuri, ule ambao watu wa huko hutumia mbegu zake kutilia rangi. Jioni moja alizisugua mbegu hizo ndani ya maji mpaka maji yakawa mekundu, akachemshia mahindi humo. Yalitoka mekundu, mororo, na hayakuwa na madhara yoyote. Alikula punje tatu yeye mwenyewe kwanza ili awe na hakika.

Kesho yake Kache alifunua kifuu. Akafumba jicho moja. Darasa zima likanyamaza, maana hata wenzake walikuwa wamechoka na manjano yake.

"Nyekundu," akasema.

Zipporah alimnyanyua juu akamzungusha. Akampa punje ile, akamwongeza tano nyingine ambazo hazikuwa zamu yake. Mtoto alirudi nyumbani na midomo myekundu na vidole vyekundu. Wimbo ule aliuimba njia nzima. Mwalimu naye usiku huo alilala akitabasamu, na mtu akisema kuwa hakuwa na haki ya kutabasamu atakuwa anamwonea, kwa kuwa mpaka hapo hakuwa amefanya kosa lolote.

Kosa lilikuja Ijumaa moja mwishoni mwa Oktoba. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na chifu akaitisha baraza ili watu wagawiwe mbegu za vuli. Bwana shamba alisimama juu ya kigogo, akatia mkono ndani ya gunia, akautoa umejaa mahindi, na mahindi hayo yalikuwa mekundu. Akaeleza wazi, tena mara mbili, kwamba mbegu hizi zimetiwa dawa ya wadudu. Hata kuku asionje. Akageuza gunia akawaonyesha picha ya fuvu la kichwa cha mtu. Wazee waliguna, kwa kuwa kwao mbegu na chakula vilikuwa kitu kimoja. Mbegu ilikaa uchagani juu ya moshi, na njaa ikizidi uliishusha ukaiosha masizi ukaipika. Mbegu isiyolika hawakuwa wameisikia.

Zipporah alikuwa amesimama nyuma pamoja na wanawake wawili watatu waliofika. Aliuona mkono wa bwana shamba. Alijua papo hapo. Hakuhitaji mtu amweleze kwamba watoto arubaini na wawili katika kijiji kile walikuwa wamefunzwa, kwa wimbo na kwa kupigiwa makofi, kuwa mahindi mekundu ukiyataja ni yako. Akajiambia: Jumatatu. Jumatatu asubuhi kabla ya uji atawakalisha chini awaambie.

Jumamosi ilikuwa nzima mbele yake. Angeweza kupita nyumba kwa nyumba; kijiji si kikubwa, na kufikia adhuhuri angekuwa amemaliza. Alifika hata mlangoni mwake, kamba za viatu amekwisha kuzifunga. Lakini angewaambiaje wazazi? Angeanzia wapi, bila kuanzia kwenye lile gao la mahindi kutoka mkebe wa Mzee Kambi? Alisimama pale mlangoni, akafikiri kwamba wazazi wameonywa tayari, wameonyeshwa na fuvu, kwamba hakuna atakayeacha mbegu ovyo, kwamba mawingu hayo hata hivyo ni ya kudanganya. Akafungua viatu, akafua nguo zake za kanisani.

Mvua ilinyesha usiku huo huo, tena ya kweli. Jumapili alfajiri kila mwenye jembe alikuwa shambani. Zipporah alikwenda kanisani, wakaimba watu sita.

Kilichotokea nyumbani kwa Nzai kila mtu alikijua kabla ya jua kuchwa. Nzai alitangulia akifukua mashimo, na mkewe Kanze akifuata nyuma na mbegu ndani ya kifuu, akidondosha punje mbili kila shimo. Kache alikaa pembeni akimwangalia mdogo wake. Manyunyu yakaanza. Kanze, asitake dawa ya mbegu ioshwe na mvua, alikiweka kifuu chini penye ukingo wa shamba, akakifunika kwa kifuu kingine, akaenda kumsaidia mumewe kuvuta kisiki kilichomkwamisha. Wakiwa pale wanavuta walimsikia mtoto anaimba. Hawakuwa wamemsikia akiimba shambani tangu Mei. Kanze alimtazama mumewe, wote wawili wakacheka kidogo, wakaendelea kuvuta.

Kanze aliporudi, mtoto alikuwa anatafuna. Alimtia kidole kooni, akamnywesha maji, akambeba mbio mpaka zahanati ya Vitengeni, na hapo wakasaidiwa kupata gari la kuwapeleka hospitali ya Kilifi. Kache alikata roho kabla hawajaiona Kilifi. Walimrudisha na gari lilelile, wakamzika Jumatatu.

Mazishini Zipporah alisimama na watoto wa shule wakiwa wamepangwa mstari. Watu walimwomba awaimbishe. Alifungua kinywa, na sauti ile iliyouzidi mwili wake haikutoka. Watu walimhurumia, wakasema angalia mwalimu alivyompenda mtoto yule. Nzai hakulia. Alisimama juu ya kaburi la mwanawe akasema mbele ya wote kwamba yeye alimwambia mkewe kwa kinywa chake, mbegu hizi usizitue chini hata kidogo, na mkewe akazitua chini. Kanze alikuwa ameketi mchangani na leso kichwani. Hakuinua uso.

Jumanne jioni Zipporah alikwenda kwa Mzee Kambi. Alimkuta ameketi uani kwake anasuka kamba. Akamwamkia shikamoo, akaketi chini, na kabla hajaulizwa jambo akamwaga yote, gao la mahindi, vifuu, wimbo, mzingifuri, na ile Jumamosi. Alisema wazee wakikaa kesho kutwa kulizungumza jambo la Nzai na mkewe, yeye atasimama aseme kwamba kosa si la Kanze.

Mzee Kambi aliiweka kamba chini. Mwalimu akadhani anatafuta fimbo. Hakukasirika hata kwa yale mahindi.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kanze amekwisha kufiwa, na hilo huwezi kumrudishia. Ukiyasema haya mbele za watu, Jumatatu yatakuwa yamefika Kilifi, na lile gunia halitakuja tena hapa. Nani atampa chakula cha watoto mwalimu aliyewafunza kula sumu? Wamebaki arubaini na mmoja. Nitajie wewe yule utakayemwambia arudi kwao akale mchunga."

Zipporah alisema kwamba Nzai anataka kumfukuza mkewe. Mzee akajibu kwamba mwanamke akirudishwa kwao hafi, atapumzika, na hasira za mwanamume zina mwisho. Akasema na mengine, kwamba mvua imenyesha, kwamba mahindi ya vuli hayatakuwa tayari kabla ya Januari, na kati ya sasa na Januari uji ule ndio utakaoamua nani atabaki. Mzee Kambi hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloudhi katika habari hii, maana angekuwa mbaya Zipporah angemkaidi. Aliondoka pale ameshika kichwa, na njiani, Mungu amsamehe, alijikuta anapumua vizuri zaidi kuliko alivyokuja.

Wazee waliketi Alhamisi nyumbani kwa Nzai. Wanaume walikuwa kwenye vigoda, wanawake kwenye mikeka nyuma yao, na Kanze peke yake katikati. Nzai alisema maneno yake. Alisema hawezi tena kula chakula cha mkono ule. Alisema Kanze arudi kwa baba yake Matsangoni, na mtoto aliyebaki, Kahonzi, wa miaka mitatu, akae na bibi yake hapo hapo. Ndugu zake waliitikia kwa vichwa. Walijaribu wazee wawili kumtuliza, lakini walijaribu kama watu wanaotimiza desturi, kisha wakamgeukia Kanze wakamuuliza kama ana neno.

Kanze alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu, na siku nne zile zilikuwa zimemla mashavu. Hakumtazama mumewe.

"Ninalo neno moja," akasema, "nalo si la wazee, ni la mwalimu."

Watu waligeuka. Zipporah alikuwa kwenye mkeka wa mwisho karibu na ukuta, na Mzee Kambi alikuwa hatua nne mbele yake, mgongo wake umenyooka.

"Mwalimu, Kache alikuwa kwako kila siku ya Mungu. Kwangu mimi hajawahi kuona mahindi mekundu. Nani alimwambia kwamba huliwa?"

Mahali fulani nyuma ya nyumba mtu alikuwa anatwanga, kisha naye akaacha. Zipporah aliona uso wa Kanze, akaona mgongo wa Mzee Kambi, akaona watoto watatu wa darasa lake wamekaa mlangoni na matumbo yao makubwa. Alikuwa na neno kinywani. Angalau yeye mwenyewe baadaye alijiapia kwamba alikuwa nalo.

"Sijui, mama Kache," akasema. "Shuleni tunakunywa uji tu."

Kanze aliendelea kumtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo Zipporah hakulielewa wakati ule.

"Haya," akasema Kanze. "Basi ni mimi." Akaketi chini, na wazee wakapitisha shauri bila kubishana sana.

Ijumaa adhuhuri Zipporah alikuwa amepiga magoti nje ya kibanda akisugua sufuria ya uji kwa mchanga. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda. Tangu msiba hakuwa amewafunza kitu, aliwapa uji wakanywa wakaondoka, na alikuwa amevichoma vifuu vyote. Alipoinua kichwa alimwona Kanze amesimama mbele yake na furushi kichwani. Alisimama haraka, mikono imejaa masizi, akamkaribisha kivulini. Kanze alitua furushi lakini hakusogea kivulini.

Alizungumza polepole, sauti ya chini, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alisema siku ile Kache aliporudi na midomo myekundu yeye alidhani ni damu, akampanua kinywa kutafuta jino lililong'oka. Mtoto akacheka, akamweleza kila kitu. Alimweleza vifuu, akamweleza rangi ya kila punje, akamwambia alipewa tano za ziada na mwalimu akamrusha juu. Alimwimbia na wimbo wenyewe. Kanze alifurahi siku hiyo. Alimwambia mtoto asimwambie baba yake, baba yake asije akaropoka kwa Mzee Kambi na mwalimu akaingia matatani kwa wema wake.

 Zipporah aliketi juu ya sufuria iliyofudikizwa.

"Kwa hiyo nilijua," Kanze akaendelea. "Mchezo nilikuwa naujua, na ni mimi niliyeifunika mbegu kwa kifuu. Nilivuta kisiki huku nikimsikiliza anavyoimba. Hilo ni langu, nitakwenda nalo kwa baba yangu na nitazikwa nalo. Lakini tulikuwa wawili, mwalimu. Nilikuuliza mbele za watu ili tuwe wawili, nawe ukaniacha nisimame peke yangu."

Zipporah alilia sasa, kilio kibaya, cha kwikwi, na masizi ya mikono yakampaka uso mzima. Alimuuliza kwa nini basi hakusema mwenyewe pale mbele ya wazee, kwa nini hakumtaja, wangemwamini.

Kanze alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeshindwa na jambo dogo. Alisema Kahonzi anabaki hapa. Bibi yake ni mzee, na hana kitu jikoni, na baba yake kwa sasa haoni mbele wala nyuma. Katika kijiji kizima hakuna chungu kinachopikwa kila siku isipokuwa hiki kilichokaliwa na mwalimu. Miaka yake mitatu haijafika ya kuandikishwa, anajua hivyo, lakini ndicho kilichomleta. Amwandike. Aseme ana minne. Ofisa wa Kilifi anahesabu vichwa, hafungui vinywa vya watoto kuangalia meno.

Zipporah alikubali mara moja. Alisema atamwandika Jumatatu, atakwenda kumchukua mwenyewe kwa bibi yake kila asubuhi, atampa upawa wa kwanza wa uji na wa mwisho. Alisema mengi, yakatoka yote kwa pamoja na machozi. Akasema Mungu atamlipa Kanze kwa kunyamaza kwake, naye atamwombea kila Jumapili ya maisha yake.

"Usiniombee," Kanze akasema. "Sikunyamaza kwa ajili yako. Mpe mwanangu uji, na huko kanisani kwako jina langu usilitaje."

Akainama kuchukua furushi. Lilikuwa zito, limefungwa ndani ya leso mbili, sufuria zake na nguo zake za miaka minane ya ndoa. Zipporah aliruka akanyoosha mikono amsaidie kujitwika. Kanze alirudi nyuma hatua mbili, akapiga goti peke yake, akalipandisha furushi gotini, kisha begani, kisha kichwani. Akalishika mpaka likatulia, akaondoka.